NIONYESHE UGONJWA KWANZA

(Mazungumzo ya maafisa wa elimu ya watu wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na wazazi wenzao)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbolea wala hesabu za ushirika. Tumekuja na habari ya meno. Huenda mmoja wenu anajiuliza, "Meno nayo ni somo?" Ndiyo, ni somo. Wazee wetu watakumbuka kwamba mwaka 1973 watu wa nchi hii walikaa vikundi vikundi kando ya redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Kinywa nacho ni sehemu ya mtu, na jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena.

Tuliyoyaleta leo ni haya. Watu wengi wamepata kufanyiwa kazi kinywani, wakarudi nyumbani na shaka moyoni. Mmoja anasema, "Nilikwenda na jino moja bovu, nikaambiwa mabovu ni manne." Mwingine anasema, "Liling'olewa gego zima. Najiuliza kama lilikuwa la kung'oa." Na mama wa tatu hasemi kitu, ila mtoto wake amekatwa fizi na mzee wa kijiji, eti ana meno ya plastiki.

Shaka hiyo tusiidharau, lakini pia tusiiache ilale moyoni. Shaka ya mtu aliyesoma hugeuzwa kuwa swali, na swali lenyewe ni fupi: "Nionyeshe ugonjwa kwanza."

JINO NI KITU GANI?

Huwezi kuuliza vizuri juu ya kitu usichokijua. Basi tuanze na jino lenyewe.

Mtoto huota meno 20 ya utoto. La kwanza hutoka kwa kawaida karibu na miezi 6, na akifika miaka 3 hivi yote huwa yametoka. Mtu mzima akitimiza meno yote ana 32.

Jino lina sehemu tatu. Nje kuna gamba gumu kuliko mfupa. Chini ya gamba kuna sehemu laini kidogo. Katikati kuna kiini, na humo ndimo mnamopita damu na mishipa ya fahamu. Tukila vitu vitamu, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho hula sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa asidi. Asidi hiyo hulila gamba kidogo kidogo. Hakuna funza anayetoboa jino. Anayetoboa ni asidi ya wadudu hao, na sukari ndiyo chakula chao.

Hapa ndipo penye jambo la kujua. Jino haliozi kwa siku moja. Ugonjwa una hatua zake, na kila hatua ina tiba yake.

Hatua ya kwanza, gamba hupata doa tu, bado halijatoboka. Doa hilo linaweza kusimama lisiendelee, mtu akipiga mswaki kwa dawa yenye floridi na kupunguza sukari. Hapo hapana haja ya kutoboa wala kung'oa.

Hatua ya pili, kuna tundu, lakini kiini hakijafikiwa. Jino hili huzibwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino ni vivyo hivyo.

Hatua ya tatu, tundu limefika kwenye kiini. Usiku halilaliki. Jino hilo linaweza kutibiwa mzizi mahali penye vifaa na mtaalamu, au ling'olewe.

Hatua ya nne, jino limekwisha, limebaki kigutu, au limefanya usaha. Mara nyingi hapo kung'oa ndiyo dawa.

Basi mtu akikuambia, "Tung'oe," una haki ya kujua uko hatua ya ngapi.

KWA NINI KAZI ISIYO NA HAJA HUFANYIKA?

Hatusemi kwamba waganga wa meno ni wezi. Wengi ni watu waaminifu, tena wachache, na foleni yao ni ndefu. Lakini kazi isiyo na haja ipo duniani, na ina sababu zake. Tuzitaje tatu.

Sababu ya kwanza ni fedha. Mahali ambapo mganga hulipwa kwa kila jino analolishika, atakayeshika mengi atapata nyingi. Uingereza ililiona jambo hili. Huko madaktari wa meno wa huduma ya serikali walikuwa wakilipwa kwa kila kazi. Malalamiko yalizidi hata serikali ikaunda kamati ya kuchunguza matibabu ya meno yasiyo ya lazima, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1986. Marekani nako, mwaka 1997, jarida la Reader's Digest lilichapisha habari ya mwandishi aliyezunguka kwa madaktari wa meno 50 katika majimbo 28. Kinywa ni kile kile kimoja. Wa bei ndogo alimtajia dola 500 hivi, na wa bei kubwa karibu dola 30,000. Na mwaka 2022 mahakama katika jimbo la Wisconsin ilimtia hatiani daktari wa meno aliyekuwa akivunja meno ya wagonjwa makusudi kwa mashine yake, kisha akidai fedha za bima kwa kuyafunika meno hayo hayo.

Kwa hiyo msione haya. Hata watu wa nchi tajiri, wenye shule nyingi, wanadanganywa wasipouliza.

Sababu ya pili ni uhaba wa vifaa, na hii ndiyo yetu zaidi huku vijijini. Mganga ana koleo na ganzi, lakini hana vifaa vya kuziba. Basi jino la hatua ya pili, ambalo lingezibwa likaishi miaka mingi, linang'olewa kwa sababu koleo ndilo lililopo. Mganga huyo si mwizi, lakini wewe umepoteza jino.

Na hapa tuna habari ya kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba jino bila mashine na bila umeme. Mganga hukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, kisha hujaza tundu kwa dawa inayoshikamana na jino. Njia hiyo imekwenda ikaenea katika nchi nyingi. Basi mtu akikuambia, "Hapa hapana umeme, hatuwezi kuziba," mwulize kwa adabu kama njia ya vifaa vya mkono ipo, au kama iko hospitali ya wilaya.

Sababu ya tatu ni kutokujua kwetu sisi wenyewe. Tutatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni meno ya rangi ya kahawia. Wenyeji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida wanayajua sana. Rangi hiyo hutokana na floridi iliyozidi katika maji ya kunywa wakati mtoto anakua, na pengine magadi yanayotiwa katika chakula. Rangi hiyo si uozo. Mtu akisema ayang'oe kwa sababu ya rangi tu, mkatalieni.

Mfano wa pili ni gego la miaka 6. Mtoto akifika umri huo huota gego jipya nyuma kabisa ya magego ya utoto. Linatoka bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likioza wanasema, "Ling'olewe tu, litaota jingine." Ndugu zangu, halioti jingine. Hilo ni jino la ukubwani, na mtoto atalitafunia ugali mpaka uzeeni. Likipata tundu, liwahini lizibwe.

MENO YA PLASTIKI

Mpaka hapa tumesema juu ya mtu mzima, anayeweza kufunga mdomo akakataa. Sasa tuseme juu ya asiyeweza kukataa, yaani mtoto mchanga.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu kuna imani kwamba mtoto mwenye homa, anayehara na kutapika, ana meno ya plastiki. Wengine huita meno ya nailoni. Hapa Tanzania habari hizi zilianza kusikika sana katika miaka ya 1980. Lakini si sisi peke yetu. Uganda wanaita ebiino, na tangu mwaka 1969 mtaalamu kutoka Denmark alikwisha andika juu ya desturi hiyo katika nchi hiyo. Sudan na Ethiopia nako iko.

Kazi yenyewe hufanywaje? Mtoto hushikwa na watu wazima. Mzee huipapasa fizi mahali pa chonge, akaona pamevimba kidogo na pana weupe. Huchukua kisu, wembe, sindano ya moto au spoku ya baiskeli iliyonolewa, akachimba. Pasipo ganzi. Kisha huwaonyesha wazazi kitu cheupe, laini, kidogo. "Mmeliona jino la plastiki?" Na wazazi wanaamini, maana wameona kwa macho yao.

Sasa hebu tuulize swali letu. Ugonjwa uko wapi?

Kile kitu cheupe si plastiki wala si mnyoo. Ni jino la chonge la mtoto mwenyewe, ambalo lilikuwa bado linajengwa ndani ya fizi. Chonge hutoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Kabla ya hapo liko ndani, halijakomaa, kwa hiyo ni laini. Kila mtoto analo, mzima na mgonjwa. Ukichimba fizi ya mtoto mzima anayecheka utalikuta. Ukichimba ya mtoto wa mzee huyo huyo, utalikuta.

Ni sawa na mtu anayechimbua muhindi uliopandwa juzi, akakuta punje imelainika na kutoa mzizi mweupe, akasema, "Tazama, shamba lako lina ugonjwa!"

Mtauliza, "Mbona watoto wengine hupona baada ya kukatwa?" Swali zuri. Mtoto akifika miezi 6 huanza kupewa uji na vyakula vingine. Huanza kutambaa, na kila akiokotacho hutia kinywani. Nguvu ya kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imepungua. Ndiyo maana kuhara humjia sana wakati huo huo ambao fizi zinajaa meno. Na kuhara kwingi huisha kwenyewe kwa siku chache. Akikatwa siku ya tatu na kuhara kukaisha siku ya tano, mzee anapata sifa. Lakini yule asiyepona hatajwi. Kaburi lake ni dogo, na watu husema, "Tulichelewa kumkata."

Na madhara yake ni haya:

1. Damu hutoka nyingi, na damu ya mtoto mchanga ni kidogo. Aliyekwisha dhoofishwa na malaria anaweza kufa.

2. Kidonda hupata uchafu. Uchafu huingia katika damu na katika mfupa wa taya. Pepopunda nayo inaweza kuingia hapo.

3. Kifaa kimoja kikipita kwa watoto watano, virusi vya UKIMWI vinaweza kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

4. Chini ya chonge la utoto kuna mbegu ya chonge la ukubwani. Ikichokolewa, jino hilo linaweza kutoka limepinda au lisitoke kabisa.

5. Na kubwa kuliko yote, ugonjwa wenyewe haujatibiwa. Wakati mnahangaika na fizi, maji yanaisha mwilini mwa mtoto, au malaria inapanda kichwani.

BASI TUFANYE NINI?

Mtoto akihara, mama asiache kumnyonyesha. Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti, pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi na salama. Kama pakiti haipo, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi hapo. Mpeni kidogo kidogo, mara kwa mara, huku mkielekea zahanati. Huko atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14. Akiwa na homa, apimwe malaria kwa kutobolewa kidole siku hiyo hiyo. Macho yakidumbukia, au akilegea, au akishindwa kunyonya, msingoje kesho.

Tunajua penye ugumu. Mara nyingi anayesema mtoto akatwe ni bibi yake, na mke kijana hawezi kubishana na mama mkwe. Basi asibishane. Aseme kwa heshima: "Shikamoo mama. Asante kwa kumhurumia mjukuu wako. Tumpeleke kwanza zahanati apimwe damu, kisha tutarudi tukae tuzungumze." Na wewe baba, usijifanye hayo ni mambo ya wanawake. Sema, "Mama, nimeamua mimi, tunakwenda zahanati." Neno hilo moja litamwondolea mkeo mzigo mzito.

Na wale wazee wanaokata, tusiwatukane. Wengi wanaamini wanasaidia. Waiteni kikundini waje wasikie, na bibi afya awepo awaonyeshe jino linavyokua.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Turudi kwa mtu mzima. Ukiwa mbele ya mganga wa meno, uliza haya kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu baada ya ganzi hutaweza kusema sawasawa. Wenye daftari waandike.

1. "Daktari, ni jino lipi? Naomba nilione kwenye kioo." Tundu kubwa huonekana. Asipoweza kukuonyesha kwa kioo, kama penye picha za eksirei, akuonyeshe kwenye picha.

2. "Lina ugonjwa gani, na umefika wapi?"

3. "Haliwezi kuzibwa? Kama hapa haiwezekani, ni wapi panapowezekana?"

4. "Nikingoja wiki mbili itakuwaje?" Jibu la swali hili hufundisha sana. Ugonjwa wa kweli una jibu: litauma, litavimba, tundu litaongezeka. Asiye na sababu hukasirika.

5. "Gharama ni kiasi gani kwa kila jino, na nitapata risiti?"

Ulikwenda na jino moja ukaambiwa mabovu ni manne? Inawezekana ni kweli. Tundu dogo haliumi, na mganga anaweza kuliona kabla yako. Basi usimtukane, lakini pia usitoe meno manne siku moja kwa woga. Mwambie, "Asante daktari. Leo tulitibu hili linaloniuma. Hayo mengine nitafikiri." Kisha nenda kwa mganga mwingine, fungua kinywa, wala usimwambie la kwanza uliloambiwa. Wakikubaliana wawili, umepata ukweli. Wakitofautiana, umeokoa meno yako.

SHAKA ISIGEUKE WOGA

Tunaomba sana neno hili lisieleweke vibaya. Hatukusema mkimbie hospitali. Jino likivimbisha shavu au shingo, ukipata homa, mdomo ukikataa kufunguka, au ukishindwa kumeza, nenda siku hiyo hiyo. Usaha wa jino ukishuka shingoni huua. Hapo si wakati wa kuzunguka kwa waganga wawili.

Na kama mmekwisha fanyiwa kazi mnayoitilia shaka, msiishie kunung'unika kilabuni. Andikeni tarehe, jino lililoshikwa, na maneno mliyoambiwa. Hifadhini risiti. Nendeni kwanza kwa mganga mfawidhi wa kituo hicho mkamweleze. Msiporidhika, andikeni barua kwa mganga mkuu wa wilaya. Juu zaidi lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo husikiliza mashitaka juu ya madaktari wa meno pia. Barua hiyo mnaweza kuiandika ninyi wenyewe. Kwani mlijifunza kuandika ili iweje? Si ili kutia sahihi tu mahali mlipoonyeshwa na kidole. Ni ili mweze kusema, "Jambo hili lilinipata mimi, siku fulani, na nataka jibu."

Mganga mwaminifu haogopi swali. Hufurahi, maana mgonjwa aliyeelewa hutunza meno yake na hurudi mapema. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu watoto wangapi wamepata kukatwa fizi? Walikuwa wanaumwa nini hasa? Wako wapi sasa?

2. Zahanati yetu huziba meno au hung'oa tu? Nani aende akamwulize mganga, na alete jibu lini?

3. Katika kila nyumba, nani hukata shauri mtoto akiugua? Tutazungumza naye namna gani?

Kikundi kikishajibu, katibu aandike majibu na kuyapeleka kwenye kamati ya afya ya kijiji.